Redio ya boti haijui ilipo ingawa GPS iko pembeni yake. Naomba msaada (Tanga)

MamaBoti_DeepSea

Wakuu, habari za mchana. Mimi ni mchuuzi wa samaki pale Deep Sea, Tanga. Nina boti moja ya faiba, futi 23, mashine moja ya 40. Nahodha ni mwanangu mkubwa, anatoka na vijana watatu. Nimekwama, na boti haishuki majini mpaka jambo hili likae sawa.

Niseme kwanza kwa nini nimeshikilia hivi. Mwezi wa saba mwaka jana, kusi limeshika, mashine iliwazimikia nje ya Karange saa mbili usiku. Kina kikubwa, nanga haikushika. GPS hawakuwa nayo, walitegemea simu, na simu moja iliisha chaji, nyingine ikaingia maji. Redio ya VHF walikuwa nayo, ile ya kufunga kwenye boti, yenye kitufe chekundu chini ya kifuniko. Mwanangu akaita chaneli 16, ile ya dharura. Kuna chombo kikamjibu, kikamuuliza: mko wapi? Akasema nje ya Karange. Lakini saa ile mkondo ulikuwa umeshawachukua kaskazini, Karange wameiacha nyuma zamani. Wakatafutwa mahali ambapo hawapo. Walikuja kuonwa na wavuvi asubuhi, upande wa Kwale. Walikuwa hai wote, alhamdulillahi. Mimi nilikaa ufukweni na khanga mabegani mpaka adhana ya alfajiri.

Baada ya hapo niliuza friza moja na kuweka mchezo wa kina mama, nikanunua plota yenye ramani, antena mpya ya VHF, na kipokezi cha AIS ili waone meli zinazoingia bandarini usiku. Mwenye duka aliniambia kitufe chekundu kikiunganishwa na GPS kitatuma mahali boti ilipo chenyewe, bila mtu kusema neno. Hicho ndicho nilichokinunua. Kama hakifanyi hivyo, vingine vyote kwangu ni mapambo.

Nilimwita fundi umeme wa magari akafunga. Hali ilivyo sasa: plota inawaka, ramani inaonyesha boti ilipo, hata meli za AIS zinaonekana. Lakini redio inaandika kwenye kioo chake kwamba haina mahali. Halafu mwanangu akibonyeza kusema, plota inazima na kuwaka upya.

Nimefungua nyuma ya usukani mwenyewe na tochi. Plota ina kifungu cha waya: nyekundu, nyeusi, buluu, kahawia, kijivu, zambarau. Redio ina nyekundu na nyeusi nene za umeme, halafu nyembamba: buluu, njano, kijani, nyeupe. Fundi ameunga buluu ya plota na buluu ya redio. Kahawia ya plota imeungwa na AIS. Nyingine amezikata fupi akazifunga tepu nyeusi. Umeme unatoka betri iliyoko tezi, mita 5 hivi mpaka usukani, kwa waya mgumu wa nyumbani, ule wa milimita 1.5 wa taa. Redio na plota zinatumia waya huo huo mmoja.

Nilipomrudia fundi aliniambia redio ni mbovu. Je, ni mbovu kweli?

---

FundiBetri_Bagamoyo

Pole sana mama kwa usiku ule. Redio yako si mbovu, usiitupe. Mimi nafunga umeme wa boti huku Bagamoyo, na haya uliyoyaeleza nayaona kila msimu.

Nianze na buluu kwa buluu. Mfumo unaounganisha hivi vifaa unaitwa NMEA 0183. Kila kifaa kina waya wa kusemea na waya wa kusikilizia, yaani mdomo na sikio. Mmoja anasema, wengine wanasikiliza, hata wakiwa wawili watatu. Sasa kila kiwanda kina rangi zake. Buluu kwenye plota huenda ni mdomo, na buluu kwenye redio huenda nayo ni mdomo. Ukiunga mdomo na mdomo, kila mmoja anasema na hakuna anayesikia. Kwenye gari rangi zinasaidia kidogo, kwenye boti usiziamini kabisa.

Chukua vijitabu viwili, cha plota na cha redio. Tafuta ukurasa wenye jedwali la waya. Kwenye plota unataka ulioandikwa OUT au TX. Kwenye redio unataka IN au RX, na mara nyingi utakuta miwili, wa chanya na wa hasi. Mdomo wa plota uende kwenye chanya ya sikio la redio. Ile hasi ya sikio usiiache ikining'inia hewani! Iende kwenye TX hasi ya plota kama ipo, na kama haipo, iende kwenye nyeusi ya plota, kufuatana na kijitabu. Nimewahi kuitwa boti tatu ambazo shida yote ilikuwa hiyo hasi iliyoachwa.

Kama kijitabu kimepotea, chukua mita. Iweke kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, ncha nyekundu kwenye waya unaoutilia shaka, plota ikiwa imewaka na imeshapata setilaiti. Waya wa mdomo utaona namba zinacheza, kama moyo unavyodunda, kwa sababu plota inasema kila sekunde. Waya wa sikio umetulia.

Sasa umeme. Redio ya wati 25 ikirusha inakula ampea 5 hadi 6. Waya wa milimita 1.5 una ukinzani wa ohm 12 hivi kwa kilomita. Mita 5 kwenda na 5 kurudi ni 10, hiyo ni 0.12 ohm. Kwa ampea 6 umeshapoteza volti 0.7 kwenye waya peke yake, bado viungo vya tepu. Plota inaona umeme umeshuka, inazima. Redio nyingi zimetengenezwa kwa 13.8 na ruhusa ya asilimia 15 kwenda chini, kwa hiyo chini ya 11.7 haziahidi kitu. Tena waya wa nyumbani una uzi mmoja mgumu. Mawimbi yanautikisa, siku moja unakatika ndani ya ganda na nje huoni kitu.

Weka waya laini wa nyuzi nyingi, milimita 4, na ukipata uliopakwa bati ni bora zaidi kwa chumvi. Redio iwe na waya wake na fyuzi yake, plota na wake. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, isizidi sentimita 18 hivi, maana kazi yake ni kuulinda waya usishike moto.

Nipimie volti mahali pawili, kwenye betri na nyuma ya redio, mtu akiwa amebonyeza kusema. Tumia nguvu kamili, chagua chaneli isiyo na watu, kwa sekunde chache. Usitumie 16 kwa majaribio.

---

Mpiga_Mbizi

Mama achana na hayo mambo ya zamani, nunua vifaa vya NMEA 2000, unachomeka tu, hakuna kuhangaika na rangi.

---

FundiBetri_Bagamoyo

@Mpiga_Mbizi NMEA 2000 ni nzuri sana, sibishi. Waya mmoja wa uti wa mgongo, vifaa vinachomekwa ubavuni, kila mwisho kizuizi cha ohm 120, ukipima umeme ukiwa umezimwa unapata 60. Lakini redio ya mama haina tundu hilo. Atauza friza ya pili kwa ajili ya kazi inayotaka waya mbili?

---

Nahodha_Wa_Zamani

Mama mwenye boti, hongera kwa kuwa na moyo wa kufungua nyuma ya usukani. Wengi hungoja mpaka maji yafike shingoni.

Nina mawili matatu ya kumwambia mwanao.

Dira. Redio ina spika, na spika ina sumaku. Ukiiweka karibu na dira, dira inadanganya na nahodha hajui. Siku boti iko majini imetulia, elekeza omo kwenye mnara wa Ulenge, soma dira redio ikiwa imetolewa mbali nayo, maana sumaku ya spika ipo hata redio ikiwa imezimwa. Kisha irudishe mahali pake, washa redio, washa plota, soma tena. Ikicheza hata kidogo, hamisha redio. Waya za umeme zinazopita karibu na dira zisokotwe, chanya na hasi pamoja kama kamba, zisipite mbalimbali. Plota ikizima, dira ndiyo itakayowarudisha. Nimeingia Mkondo wa Pemba usiku kwa dira tupu miaka mingi kabla ya hivi vioo.

Kitufe chekundu. Mahali tu hakutoshi, redio lazima iwe na namba yake, MMSI, tarakimu 9, za kwetu Tanzania huanza na 674 au 677. Bila namba hiyo redio nyingi hazitumi mwito wa kitufe hata zikiwa na GPS ya dhahabu. Namba inaombwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pamoja na leseni ya redio ya chombo. Asije mtu akakuingizia namba ya kubuni au ya boti nyingine, maana redio nyingi hukubali kuandikwa mara moja au mbili tu kisha zinafunga. Na siku ya shida watatafuta boti isiyo yako.

Na tafadhali, kitufe hicho hakijaribiwi. Kinatuma kwenye chaneli 70 kwa kila chombo kilicho karibu. Kuna mwito wa majaribio kwenye menyu, huo unamtumia mwenzako mwenye DSC, yaani redio yenye mfumo huo wa kitufe, na redio yake inajibu.

La mwisho, mpaka waya zikae sawa, mwambie aandike mahali kwa mkono kwenye menyu ya redio kila saa. Redio inakubali. Lakini ajue saa 4 zikipita nyingi hupiga kelele kumkumbusha, na baada ya saa 23 na nusu zinafuta.

---

MamaBoti_DeepSea

Shikamoo mzee. Fundi, ahsante sana. Nimewasomea vijana maneno yenu yote kwa sauti, mwanangu ameandika ya dira kwenye ubao wa ndani ya boti.

Nimefanya kazi siku mbili, Jumamosi na Jumapili, mimi, mwanangu, na kijana mmoja anayetengeneza redio za nyumbani Ngamiani ambaye ana koleo la kubana lagi, vile vichwa vya chuma vya ncha za waya. Majibu:

Volti. Mwanangu akiwa amebonyeza kusema, kwenye betri 12.3, nyuma ya redio 10.9. Nilishangaa. Tulipofungua tepu zile, chini yake shaba imekuwa kijani kama jani, na ni miezi miwili tu tangu ifungwe. Kiungo kimoja kilikatika mkononi. Tumeng'oa waya wote wa nyumbani. Tumeweka wa milimita 4 laini, redio peke yake na plota peke yake, kila mmoja na fyuzi kwenye betri. Viungo tumebana lagi kwa koleo, juu yake ile mipira yenye gundi ndani inayojibana kwa moto. Kijana alitaka kuchomea risasi tupu, nikakataa kwa sababu nilisoma mahali kwamba waya unakuwa mgumu pale risasi inapoishia na mtikisiko unaukata hapohapo. Nimekosea?

Tulipima tena: 12.0 nyuma ya redio. Plota haizimi. Mwanangu alibonyeza mara tano mfululizo, haizimi!

Waya za data. Kijitabu cha plota kinasema buluu ni mdomo wa porti 1, kahawia ni sikio la porti 1, kijivu ni mdomo wa porti 2, zambarau ni sikio la porti 2. Cha redio kinasema buluu ni mdomo, njano ni sikio chanya, kijani ni sikio hasi. Kwa hiyo ilikuwa mdomo kwa mdomo kama ulivyosema. Nimeunga buluu ya plota kwa njano ya redio, kijani kwa nyeusi ya plota. Nikapima kwa mita, namba zinacheza.

Lakini redio bado inasema haina mahali. Nimekaa nayo saa nzima nje, setilaiti 11, hakuna kitu. Hapo ndipo nilipoishiwa.

---

Kijana_wa_Raskazone

Shikamoo mama. Mimi niko hapa hapa Tanga, kazi yangu ni kompyuta, nimesoma uzi mzima. Nadhani nimeiona.

AIS yako inasema na plota kwenye porti 1, sivyo? AIS ya NMEA 0183 husema kwa kasi ya biti 38400 kwa sekunde. GPS na redio za VHF kwa kawaida husikilizana kwa 4800. Sasa kwenye plota nyingi, porti moja ina kasi moja tu, mdomo na sikio pamoja. Ulipoiweka porti 1 kwenye 38400 ili isikie AIS, mdomo wake nao ukaanza kusema 38400. Redio iko palepale inasikia, ila inasikia mtu anayesema haraka mara nane, haishiki neno. Ndiyo maana mita inacheza na redio imenyamaza.

Usiguse AIS. Hamisha redio kwenye porti 2, kijivu, uiweke 4800.

Kwenye menyu ya plota hakikisha porti 2 imeruhusiwa kutoa sentensi ya RMC, yaani ule mstari unaobeba saa na mahali. Nikija na kompyuta na kebo ya USB tutaiona ikiandika kitu kama $GPRMC, kisha saa, kisha herufi A, kisha 0503 na nukta zake, S, 03906 na nukta zake, E. Herufi A maana yake mahali ni halali. Ukiona V, plota haijapata setilaiti. Na 0503.60 isomwe nyuzi 5 dakika 3.60, isisomwe 5.0360. Mwambie nahodha, maana akisoma vibaya redioni atajipeleka maili kadhaa pembeni ya alipo.

---

FundiBetri_Bagamoyo

Kijana amelenga. Nami nilisahau kuuliza kasi, samahani mama. Kuhusu risasi hukukosea, lagi iliyobanwa vizuri ndiyo ya boti. Na waya zinazoingia kwenye kisanduku zishuke chini kidogo kabla ya kupanda, maji yadondoke pale chini yasifuate waya mpaka ndani ya redio.

---

MamaBoti_DeepSea

Wakuu, imekubali.

Shida ilikuwa kijivu. Yule fundi wa kwanza aliikata fupi, ilibaki kipande cha sentimita tatu kwenye kifungu. Ilibidi tuichune kwa wembe taratibu, mwanangu ameshika tochi mdomoni, tukabana lagi ndogo, tukaongeza waya. Naomba sana mafundi wanaosoma hapa: waya usioutumia usiukate, ukunje na uufunge ncha. Kipande kile kilikuwa karibu kinigharimu plota nzima.

Tukaweka porti 2 kwenye 4800, tukawasha. Nilihesabu, haikufika sekunde kumi. Kioo cha redio kikaandika nyuzi 5 dakika 3 kusini, nyuzi 39 dakika 6 mashariki, na saa. Tukalinganisha na plota, tarakimu kwa tarakimu, sawasawa. Mwanangu hakusema kitu, alikaa chini kwenye ubao akaitazama tu.

Jana maji yalipojaa tumeshuka nayo. Tumekwenda taratibu mpaka nje ya Toten, kila nusu saa namuuliza kwa redio ya mkononi niliyoazima, naye ananisomea mahali, na mimi ufukweni naandika kwenye daftari. Nilimsikia vizuri hadi karibu na Ulenge, halafu sauti ikaanza kukwaruza, nadhani kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama chini na antena yangu ni fupi. Dira tumeipima kama mzee alivyosema. Ilicheza nyuzi 4 redio ikiwa mahali pake imewashwa, tumeisogeza redio upande wa kulia, sasa haichezi.

Namba ya MMSI bado. Fomu nimeshajaza, nakala za usajili wa boti nimeambatanisha. Mpaka itoke, boti inatoka mchana tu na inarudi kabla ya magharibi, na vijana wameambiwa hivyo mbele ya mama zao. Ikitoka nitakuja hapa kuandika, kisha nitamtafuta mwenye DSC tufanye ule mwito wa majaribio. Kijana wa Raskazone, wewe una redio?

---

Kijana_wa_Raskazone

Sina mama, ila mjomba wangu ana boti Sahare yenye DSC. Nitamwambia. Siku namba ikitoka niambie, tutakaa naye pale ufukweni.